Kasha si mzigo: mafaili ya sauti na video kwa mtafiti wa lugha

Kila mwanafunzi wa fakulte yetu anayekusanya masimulizi, nyimbo au mazungumzo kwa ajili ya kazi ya mwisho wa masomo anajua sharti hili: sauti ziletwe katika WAV. Ni sharti zuri. Shida ni namna linavyotimizwa. Wengi hurekodi kwa simu, hutumiana sauti kwa WhatsApp, na usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha hutafuta programu ya kugeuza. Faili lililokuwa na mega mbili linatoka na mega sitini au zaidi, jina lake linaishia kwa .wav, asistanti analipokea, na mambo yamekwisha. Kumbe sauti iliyomo ni ileile ya WhatsApp, imevikwa koti kubwa tu.

Simlaumu mwanafunzi wala asistanti. Tunafundishwa fonetiki, fonolojia, na namna ya kuketi na mzee kijijini na kumuuliza maswali. Lakini kitu kinachobeba kazi hiyo yote, yaani faili, tunakiacha kwa watu wa informatiki. Mimi pia ni mtu wa lugha za Kiafrika, si injinia. Ninachoeleza hapa ni kile ambacho mtafiti wa lugha anaweza kukielewa na kukikagua mwenyewe, bila kumsubiri mtu.

Kontena la Kasumbalesa

Anayetoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa huyaona malori yaliyopanga mstari, na mengi yamebeba kontena. Kontena lina vipimo vinavyokubaliwa dunia nzima, lina pembe zenye matundu ya kufungia, na lina namba ubavuni. Mashine inayolinyanyua bandarini Dar es Salaam au Durban haihitaji kujua kama ndani mna shaba, mitumba au mchele. Inashika pembe, inanyanyua, inaweka. Anayehitaji kujua kilichomo ni yule atakayelifungua mwishoni, naye husoma karatasi za mzigo.

Mafaili ya sauti na video yamejengwa kwa wazo hilohilo. Kuna kasha, na kuna kilichomo. Ukiulizwa sauti yako ni ya aina gani, jibu lina sehemu mbili: imo katika kasha gani, na humo imeandikwa kwa namna gani. WAV, MP4, Matroska na Ogg ni makasha. PCM, AAC, Opus na AMR ni namna za kuiandika sauti yenyewe, na mafundi huziita kodeki. PCM huandika kila kipimo cha wimbi bila kupunguza kitu. Hizo nyingine tatu hupunguza: hutupa kile ambacho sikio la kawaida halitatambua kuwa kimekosekana. Sikio la kawaida, nasema. Mtu anayepima formanti za irabu hatumii sikio la kawaida.

Sauti za WhatsApp kwenye simu za Android ni mfano mzuri wa tofauti hiyo. Jina la faili huishia kwa .opus, yaani kwa jina la kodeki. Lakini ukitazama baiti zake nne za kwanza utakuta herufi OggS, ambazo ni alama ya kasha la Ogg. Jina la nje linataja mzigo, ndani mlango unataja kontena. Kwa WAV ni kinyume: jina linataja kontena na kunyamaza juu ya mzigo.

Herufi nne na urefu

Kasha la jumla, lisilofungwa na aina moja tu ya data, lilipata umbo lake maarufu Januari 1985. Jerry Morrison wa Electronic Arts, kampuni ya michezo ya ordinatere, alitoa hati ya IFF, ambayo ilikuja kutumika sana kwenye ordinatere za Amiga. Tatizo alilokuwa akilitatua linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupokea faili lisilofunguka: programu ya kuchora ilihifadhi picha kwa njia yake, programu ya muziki ilihifadhi sauti kwa njia yake, na hakuna iliyosoma kazi ya mwenzake. Jibu la IFF ni kanuni ndogo hata inashangaza. Kila kitu kikatwe vipande. Kila kipande kianze kwa herufi nne zinazotaja jina lake, zifuate baiti nne zinazotaja urefu wake, ndipo data ije.

Nguvu yote iko kwenye urefu. Programu ikikuta kipande ambacho haikijui jina, haikwami: inasoma urefu, inaruka, inaendelea na kipande kinachofuata. Ni kama msikilizaji anayekuta neno geni katikati ya sentensi. Viambishi vinamwonyesha linapoanzia na linapoishia, naye anaifuata sentensi hadi mwisho. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuongeza kipande kipya leo na faili likafunguka katika programu iliyoandikwa miaka ishirini iliyopita.

Apple waliichukua kanuni hiyo wakaunda AIFF mwaka 1988. Mwaka 1991 Microsoft na IBM wakatoa RIFF, ambayo ndiyo mama wa WAV. Tofauti kubwa kati ya IFF na RIFF ni mpangilio wa namba: IFF huandika namba ikianza na sehemu kubwa, RIFF huanza na ndogo. Sisi tunasema ishirini na tano. Waarabu, ambao walitupa hilo neno ishirini, husema tano na ishirini. Ni tofauti ya aina hiyo, wala haina siri nyingine, ila imewanyima waandishi wa programu usingizi mwingi.

Baiti 44 za mwanzo

Faili la WAV lililo la kawaida kabisa lina kichwa cha baiti 44. Ukilifungua kwa programu inayoonyesha baiti moja moja, utaona kwanza herufi RIFF, kisha urefu, kisha WAVE. Baada yake kinakuja kipande kiitwacho fmt, chenye herufi tatu na nafasi tupu badala ya ya nne, maana kanuni inadai nne. Humo mna namba ya kodeki, idadi ya chaneli, vipimo vingapi kwa sekunde, na biti ngapi kwa kila kipimo. Vipimo 48000 kwa sekunde utaviona vimeandikwa 80 BB 00 00, sehemu ndogo mbele kama nilivyosema. Mwisho kinakuja kipande kiitwacho data, na hapo sauti inaanza.

Tusimame kwenye namba ya kodeki. Ikiwa ni 1, ndani mna PCM. Ikiwa ni 85, ndani mna MP3. Ikiwa ni 49, ndani mna GSM, kodeki ya simu za mkononi za kizazi cha zamani. Naam, WAV inaweza kubeba MP3 na ikabaki WAV halali bila uongo wowote. Kwa hiyo sharti linalosema “WAV” peke yake halijasema mengi. Liseme: WAV yenye PCM, vipimo kadhaa kwa sekunde, biti kadhaa. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinapendekeza walau vipimo 48000 kwa sekunde na biti 24 kwa sauti zinazotunzwa hifadhini. Ukirekodi hivyo kwa chaneli mbili unajaza baiti 288000 kila sekunde, yaani zaidi kidogo ya giga moja kwa saa. Na kwa kuwa urefu umeandikwa kwa baiti nne tu, WAV ya kawaida haiwezi kupita giga nne: mwenye kurekodi nyimbo za matanga usiku kucha ataishiwa kasha baada ya saa nne na dakika nane hivi. Umoja wa watangazaji wa Ulaya ulibuni kasha liitwalo RF64 ili kuvuka mpaka huo.

Sasa turudi kwa lile faili lililogeuzwa usiku. Fmt yake itasema: PCM, vipimo 48000, biti 16. Kila neno ni kweli. Hakuna mahali panaposema kwamba sauti hiyo ilipita kwanza katika Opus, au katika AMR ya simu ya zamani. Kasha halikumbuki safari. Kwa hiyo kusoma kichwa hakutoshi. Itabidi kuiangalia sauti yenyewe.

Fungua faili katika Praat, ile programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, na utazame spektrogramu. AMR ya kawaida hupima sauti mara 8000 tu kwa sekunde, kwa hiyo haiwezi kubeba chochote kilicho juu ya hezi 4000, na kwa kweli hukata mapema, karibu na 3400. Hata ukiigeuza kuwa WAV ya vipimo 48000, eneo la juu litabaki jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Mvumo wa s uko kwa sehemu kubwa juu ya mpaka huo. Ndiyo maana mtu anayekutajia jina lake kwenye simu mbovu hulazimika kusema “s ya sukari”. Mwanafunzi anayetaka kulinganisha vikwamizo vya lugha mbili kwa sauti kama hizo hana data. Ana picha ya ukuta.

Lakini kuna jambo ambalo baadhi ya walimu wetu hawatalipenda. Nimesikia ikisemwa kwamba rekodi yoyote iliyopunguzwa itupwe. Sikubali. Toni hubebwa na mtetemo wa nyuzi za sauti, na kwa watu wazima mtetemo huo uko hasa kati ya hezi 75 na 300. Hata simu ikikata sehemu ya chini, mawimbi yanayozidisha mtetemo huo yanabaki juu yake, na kutokana na umbali kati yao mtetemo hupatikana. Kama nyanya wa mtu alisimulia hadithi kwa Kisanga katika simu ndogo, na nyanya huyo hayupo tena, rekodi ile bado inaweza kutufundisha kupanda na kushuka kwa toni, mpangilio wa maneno, na hadithi yenyewe. Kinachotakiwa ni kusema ukweli juu yake: ilirekodiwa kwa AMR, ikageuzwa, isitumike kupimia s. Rekodi hiyo na ibaki na karatasi yake ya mzigo, kuliko kutupwa, na kuliko kuvikwa koti la WAV na kunyamaza.

Simu inapozimika katikati

Simu nyingi za leo hurekodi video katika MP4, na sauti katika kasha la ukoo huohuo, M4A au 3GP. Babu wa ukoo huo ni QuickTime ya Apple ya mwaka 1991, ambayo ISO waliifanya kuwa kanuni ya wote. Hapa vipande huitwa visanduku, na mpangilio umegeuzwa: urefu unatangulia, jina linafuata. Sisi tuna kaka mkubwa, Wafaransa wana mkubwa kaka. Ukoo ni uleule.

Visanduku viwili ndivyo vya kukumbuka. Mdat hubeba sauti na picha. Moov hubeba orodha inayosema kila kipande cha sauti kiko wapi ndani ya mdat, kina urefu gani na kinasikika dakika gani. Simu haiwezi kumaliza orodha kabla ya kumaliza kurekodi, kwa hiyo kwa kawaida moov huandikwa mwisho. Betri ikifa katikati, mdat ipo na moov haipo. Mwenzangu mmoja alibaki na faili la giga nzima la mazungumzo ya wavuvi, na hakuna programu iliyokubali kulifungua: sauti zote zimo, njia ya kuzifikia haimo. Kuna programu zinazojaribu kuijenga upya moov kwa kuiga faili zima lililotoka kwenye simu hiyohiyo, na mara nyingine zinafaulu.

WAV ikipatwa na ajali hiyo huumia kidogo tu. Urefu wa kipande cha data unaweza kubaki sifuri, lakini PCM imekaa kwa safu, na mtu anaweza kuandika urefu sahihi kwa mkono. Ogg na Matroska nazo hukatwa kuwa kurasa au mafungu, kila fungu na kichwa chake, kwa hiyo kilichorekodiwa kabla ya kuzimika husikika. Kwa hiyo kama kinasa sauti chako kinakupa hiari kati ya WAV na M4A, na umeme wa unakokwenda unaujua mwenyewe, chagua WAV.

Lugha gani imo humu?

Sehemu hii nadhani ndiyo yetu hasa, maana mainjinia waliiandika lakini inahusu kazi ya wanaisimu.

Ndani ya MP4 kila wimbo wa sauti una nafasi ya kutaja lugha. Nafasi hiyo ni biti 15 tu: herufi tatu, kila moja biti tano. Kanuni inataka herufi hizo zitoke katika orodha ya ISO 639-2 ya mwaka 1998, ambayo haina hata misimbo mia tano. Kutoka kwetu zimo swa kwa Kiswahili, lin kwa Kilingala, kon kwa Kikongo, lua na lub kwa Kiluba cha Kasai na cha Katanga, lun kwa Kilunda, bem kwa Kibemba. Kisanga hakimo. Mashi hayamo. Kinande hakimo. Hizo zote zinatiwa katika msimbo mmoja, bnt, yaani lugha za Kibantu kwa jumla. Mtu amekaa saa tatu na mzee wa Kisanga, amerudi na sauti, na kasha linaruhusiwa kusema tu kwamba humu mna Kibantu cha aina fulani.

Matroska, iliyoanza mwaka 2002 na kuchukua jina lake kwa wanasesere wa Kirusi wanaoingia mmoja ndani ya mwingine, inanishangaza zaidi. Nayo ina nafasi ya lugha. Programu iliyofunga faili ikiiacha nafasi hiyo bila kuandika kitu, kanuni inasema msomaji achukulie kuwa lugha ni eng. Soma tena: lugha isiyotajwa ni Kiingereza. Kanuni hiyo imo hadi katika maelezo rasmi yaliyotolewa na IETF mwaka 2024 kama RFC 9559. Programu makini huandika und, yaani lugha haijatambuliwa. Lakini zisizo makini zipo, na mafaili yao husambaa yakidai kwa ukimya kwamba mzee wetu anasema Kiingereza.

Dawa ipo. Matroska iliongezewa nafasi ya pili ya lugha, inayofuata kanuni ya BCP 47, ambamo misimbo ya ISO 639-3 ya mwaka 2007 inakubalika. Orodha hiyo ina lugha zaidi ya 7000: sng ni Kisanga, shr ni Mashi, nnb ni Kinande. Kiswahili chenyewe kimegawanywa humo, swh kwa cha pwani na swc kwa cha Kongo. Wengine hapa fakulteni huuchukia mgawanyo huo kwa kuwa unatutenga. Mimi naona unafaa, maana anayetafuta sauti za Lubumbashi asiletewe za Mombasa. Na hata zile biti 15 za MP4 hubeba herufi tatu zozote, ingawa orodha yake ni ya zamani. Kwa programu ya bure iitwayo ffmpeg, kazi ni mstari mmoja:

ffmpeg -i hadithi.mp4 -c copy -metadata:s:a:0 language=sng hadithi.mkv

Maneno -c copy yanasema: usiguse kilichomo, badilisha kasha tu. Ni kuhamisha mzigo kutoka lori moja hadi lingine bila kufungua magunia. Hakuna kinachopungua, na kazi huisha kwa sekunde chache. Kugeuza kodeki ni kufungua magunia na kuyafunga upya, na kila ukifungua kitu kinamwagika.

Karatasi za mzigo

Kwa WAV, watangazaji wa Ulaya waliongeza mwaka 1997 kipande kiitwacho bext. Kina nafasi ya maelezo ya herufi 256, jina la aliyetoa rekodi, namba ya rejeo, tarehe na saa. Programu zisizokijua hukiruka, kama kanuni ya 1985 inavyotaka. Kasoro yake ni kwamba kinapokea herufi za ASCII tu: ɔ na ɛ za Kilingala haziingii, wala alama za toni. Basi humo niandike kwa herufi za kawaida, na unukuzi nitauweka kwingine.

Hapo kwingine kuna mtego. Mafaili ya ELAN, programu ya Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, huishia kwa .eaf, na wengi hudhani yamebeba video pamoja na unukuzi. Hayakubeba. Eaf ni maandishi yenye anwani ya mahali video ilipo. Ukimpelekea mwalimu eaf peke yake, umempelekea anwani ya nyumba. Peleka vyote viwili, katika folda moja. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokima, maana video iliyotumwa kama video hufungwa upya kwa kodeki ndogo zaidi.

Kuhusu jina la msimulizi, kuna hatari ambayo makasha haya hayana nafasi ya kuiandika. Kilichoandikwa ndani ya faili husafiri nalo kila liendako, hata kwa watu ambao mzee hakuwakubalia. Kwa hiyo katika bext mimi huandika namba ya msimulizi, kijiji, msimbo wa lugha na chombo kilichorekodi. Majina, pamoja na kile ambacho kila mmoja alikubali sauti yake itumiwe, yako katika daftari la karatasi, na daftari halitumwi kwa simu.